Mwalimu wa Sayansi Kimu katika Nchi ya Chai

Msomaji, ukishika barabara itokayo mji wa Kericho kupita Litein na Kapkatet, mpaka ufike Kaplong ambako njia hugawanyika, moja ikaenda Sotik na ya pili ikaenda Bomet, utaona mashamba ya chai pande zote mbili, yamekatwa sawasawa kana kwamba yamepimwa kwa kamba. Nchi hiyo iko juu, kadiri ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi jua huwaka, na alasiri mvua hunyesha, na mara kwa mara mvua hiyo huwa ya mawe, nayo huyararua majani kiasi cha kumpotezea mkulima mapato ya wiki kadhaa. Vitabu vyako vya historia vimekwisha kukufundisha habari za chai: nani aliyeileta, lini ilipandwa, na fedha ziingiazo katika nchi kwa ajili yake. Mimi nataka kukuuliza jambo ambalo vitabu hivyo hupita bila kuliuliza. Watu wa nchi hiyo, walipokwisha kupanda chai mahali palipokuwa na wimbi na malisho ya ng'ombe, walikula nini?

Swali hili si la mzaha. Jani la chai halijazi tumbo. Kila nyumba iliyopanda chai ilijifunga kuuza jani na kununua chakula, au kutafuta pembe ya shamba ambamo chakula chaweza kuoteshwa. Mabadiliko hayo yalimfika kila mama wa Kericho na Bomet katika jiko lake. Mtu aliyepewa na serikali kazi ya kuyaeleza darasani, kwa chaki na sufuria, ni mwalimu wa sayansi kimu, yaani mwalimu wa mambo ya nyumbani. Wengi wa walimu hao sasa wamestaafu. Twawaona wakienda sokoni na vikapu vyao, nasi twawaamkia kwa heshima, lakini ni wachache kati yetu tunaowahesabu miongoni mwa watu walioifanya historia ya nchi hii.

Katika insha hii nitafuata maisha ya mwalimu mmoja wa namna hiyo. Sitamtaja jina, kwa maana si mtu mmoja mwenye nyumba na ukoo unaoweza kuutafuta. Ni mfano niliouweka uwe badala ya wengi, na miaka yake nimeipanga ilingane na miaka ya sheria na mitaala iliyowapata wote. Tuseme alizaliwa mwaka 1950, katika nchi ya Bureti, karibu na Litein.

Kwanza yakupasa kujua nyumba aliyozaliwa ndani yake ilikuwa imesimama juu ya nini. Kabla ya chai, chakula cha Wakipsigis kilikuwa wimbi na maziwa, na nyama na damu ya ng'ombe kwa nyakati zake. Wimbi lilisagwa juu ya jiwe, likasongwa likawa kimyet, likaliwa pamoja na mboga za kienyeji kama mnavu na mgagani, ambao wenyewe huuita isagek. Maziwa yaliwekwa katika kibuyu. Mama alichoma kijiti cha mti uitwao senetwet, akakisugua ndani ya kibuyu mpaka makaa yake yakashika ukutani, kisha akatia maziwa, akafunika, akangoja siku kadhaa. Yalipokomaa yaliitwa mursik. Leo wanariadha wetu wakirejea na ushindi kutoka ng'ambo hupokewa uwanjani kwa kibuyu cha mursik, na wageni huona ya kuwa ni desturi ya kupendeza, basi. Lakini fikiri kidogo. Bila barafu, bila kipimajoto, mwanamke yule aliweza kuyatunza maziwa yasioze. Alijua kibuyu kisafi ni kipi na kichafu ni kipi, alijua ni siku ngapi zinatosha na ni ngapi zimezidi. Hiyo ilikuwa elimu kamili, ikifundishwa na bibi kwa mjukuu, na mwanafunzi aliyeshindwa mtihani aliaibika mbele ya wageni.

Msingi huo ulianza kutikisika mapema. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza liliwapiga watu wa Sotik na kuteka ng'ombe wengi, na baadaye sehemu kubwa ya ardhi ikatolewa kwa walowezi. Mwaka 1919 serikali ilitenga ekari 25,000 karibu na Kericho kwa maafisa wa Kiingereza waliopata ulemavu katika Vita Kuu ya Kwanza, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, na mradi ukafa. Ungedhani ya kuwa ardhi ile ilirudishwa kwa wenyewe, haikurudishwa. Ilipita mikononi mwa makampuni ya chai, Brooke Bond na African Highlands ya wenye James Finlay, ambayo yalianza kupanda Kericho katikati ya miaka ya 1920. Malisho yakapungua, na malisho yakipungua maziwa nayo hupungua.

Makampuni yalihitaji vibarua, na vibarua walihitaji posho. Wakipsigis wengi hawakupenda kuchuma chai ya mtu mwingine, lakini waliona ya kuwa mahindi yana soko pale pale jirani. Wakalima mahindi kwa plau za ng'ombe, wakajenga vinu vya maji katika mito yao, na unga ukauzwa mashambani. Ilikuwa biashara ya akili sana. Lakini yule auzaye mahindi huishia kuyala pia, na polepole wimbi likaanza kuondoka katika chungu. Chai yenyewe hawakuruhusiwa kuipanda. Mlango huo ulifunguliwa katika miaka ya 1950, hasa baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kukubali ya kuwa mkulima Mwafrika naye alime mazao ya biashara.

Sasa tulitazame somo lenyewe, maana nalo lina ukoo wake, na ukoo huo si ule ambao watu hudhani. Wengi husema ya kuwa sayansi kimu ni somo la kufundisha wasichana kuoka keki. Mmoja wa waasisi wake wakuu alikuwa Ellen Swallow Richards wa Marekani, mwanamke wa kwanza kupokewa na chuo cha ufundi cha Massachusetts, aliyepata shahada yake huko mwaka 1873. Alikuwa mtaalamu wa kemia. Alipima maji ya mito na visima, akachunguza vyakula vilivyochanganywa na vitu vya udanganyifu, na kuanzia mwaka 1899 yeye na wenzake walikutana Lake Placid kupanga jinsi elimu hiyo itakavyoingia shuleni. Kwa hiyo somo hili lilitoka katika maabara, na swali lake la kwanza lilikuwa kama maji na chakula vya nyumbani ni salama.

Lilipofika Kenya lilikuwa limevaa nguo nyingine. Mwaka 1925 ilianzishwa Jeanes School huko Kabete ili kuwafunza walimu watakaozunguka vijijini. Walimu hao walikuwa wanaume, na wake zao waliokwenda nao walifundishwa malezi ya watoto, usafi, upishi na ushonaji. Mwaka huo huo serikali ilianzisha shule ya wavulana Kabianga, karibu na Kericho. Wasichana wa Kipsigis waliopata masomo waliyapata hasa kwa wamisionari: Africa Inland Mission huko Litein, World Gospel Mission huko Tenwek, na Wakatoliki huko Kaplong. Baadaye, mwaka 1952, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa chini ya idara ya serikali ya maendeleo, na vilabu vyake vikaenea wilayani, wanawake wakikutana kufuma, kushona na kupika.

Sitaki kuwadharau watu hao. Mtoto aliyeoshwa macho yake kwa maji safi aliokoka upofu, na aliyefundisha jambo hilo alistahili shukrani. Lakini nyumba iliyokuwa akilini mwa wakufunzi ilikuwa nyumba ya Kiingereza: meza yenye kitambaa kilichotariziwa, chai ya saa kumi, mume arudiye kutoka ofisini. Msichana wa Litein alijifunza kupiga pasi kola ya shati kabla hajaulizwa kama kwao kuna maji ya kutosha kulifua hilo shati. Mgagani ulikuwa magugu. Mursik ulikuwa uchafu wa kishenzi. Elimu ya bibi yake ilifungiwa nje ya mlango wa darasa, na huo, kwa maoni yangu, ulikuwa upotevu mkubwa kuliko wote uliofanywa na somo hili.

Mwalimu wetu alikulia katikati ya hayo. Alikuwa mtoto wa miaka 14 mwaka 1964, mwaka ambao tume ya Profesa Simeon Ominde ilitoa taarifa yake juu ya elimu ya nchi huru, na mwaka huo huo mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, iliundwa. Baba yake, kama majirani wengi wa Bureti, alipokea miche akaipanda. Ungemwuliza mwalimu leo habari za miaka hiyo, angekueleza jinsi kipande cha wimbi kilivyong'olewa, na jinsi watoto walivyochuma kabla ya kwenda shule, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Jani likichumwa halingoji. Lazima lifike kiwandani siku ile ile, na zaidi ya kilo nne za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai iliyokaushwa.

Alisoma, akaenda chuo cha ualimu, na tuseme alianza kazi mwaka 1972. Hapo alikuta jambo ambalo wewe uliyefanya mitihani utalielewa upesi. Mtihani wa mwisho wa shule za msingi siku hizo, ulioitwa CPE, ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, hesabu, na karatasi ya maarifa ya jumla. Sayansi kimu haikuwamo. Na somo lisilotahiniwa hufundishwa kama mvua ya kiangazi. Liliwekwa alasiri, wanafunzi wamechoka. Na mtihani ulipokaribia, vipindi vyake vilichukuliwa na mwalimu wa hesabu bila hata kuombwa. Jiko lake lilikuwa mafiga matatu nyuma ya darasa. Sufuria aliitoa nyumbani kwake. Kila msichana alikuja na kuni moja, na unga wa kujaza kiganja, na chochote kilichopatikana kwao.

Hicho kilichopatikana kwao ndicho kilichomfundisha mwalimu kazi yake. Alianza kuangalia. Wanafunzi waliotoka nyumba zenye chai nyingi, zenye mabati juu na redio ndani, mara nyingine ndio waliokuja na unga mtupu bila mboga. Sababu yake si ngumu kuiona. Miche ilikuwa imepandwa mpaka ukingo wa mlango. Ng'ombe walibaki wawili au mmoja, na maziwa yaliuzwa kila asubuhi. Mtoto aliyeachishwa ziwa akapewa uji wa mahindi na chai. Katika miaka ya 1930, huko Gold Coast ambayo sasa ni Ghana, daktari Cicely Williams aliwaeleza madaktari wenzake juu ya ugonjwa wa watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele, akatumia jina ambalo Waga wenyewe waliuita, kwashiorkor, yaani ugonjwa unaompata mtoto mkubwa mdogo wake azaliwapo. Ugonjwa huo haukuishia Ghana. Ulifika po pote mtoto alipoondolewa kwenye maziwa akajazwa wanga.

Tena ilikuwako habari ya fedha. KTDA humlipa mkulima malipo ya awali kila mwezi, na malipo makubwa, ambayo watu wote huyaita bonasi, mara moja kwa mwaka, yakifika kwa kawaida karibu na mwezi wa Oktoba. Namba ya mkulima huandikwa kwa jina la mwenye shamba, naye katika miaka hiyo alikuwa mume, karibu kila mara. Lakini vidole vilivyochuma vilikuwa vya mke na watoto. Oktoba mji wa Litein hujaa watu, viti vya sofa hupakiwa juu ya magari, na hoteli huchinja mbuzi. Januari karo hutakiwa na fedha hazipo. Mwalimu wa sayansi kimu alikuwa na sura moja katika kitabu chake iitwayo bajeti ya nyumba. Wanafunzi huiona sura hiyo kuwa kavu. Yeye aliifundisha kwa hesabu ya chai: nyumba imepokea kiasi hiki Oktoba, gawanya kwa miezi 12, toa mbolea, toa karo, toa unga wa miezi ambayo ghala ni tupu, kimebaki nini? Nadhani hakuna somo lililochukiwa zaidi na baadhi ya akina baba wa mahali hapo, kwa sababu watoto walirudi nyumbani wakauliza.

Akafundisha pia bustani. Alidai kila msichana aotoe mistari miwili ya mboga, na mboga aliyoisifu kuliko kabeji ni ule ule mgagani. Hapo alikuwa akifanya jambo ambalo waliomfundisha hawakulifanya: alimrudisha bibi darasani. Wataalamu wa lishe wamethibitisha ya kuwa mboga zetu za kienyeji zina madini ya chuma na vitamini kwa wingi. Wameonyesha vilevile ya kuwa chai, ikinywewa pamoja na chakula, huuzuia mwili usipate madini hayo ya chuma yaliyomo katika mboga. Fikiri jinsi ilivyokuwa vigumu kusema neno hilo katika nchi ambayo kila karo, kila bati na kila kanisa lilijengwa kwa chai! Hakuwaambia waache kuinywa. Aliwaambia wale kwanza, kisha wangoje saa moja.

Mwaka 1985 mambo yaligeuka. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 uliletwa, kufuatana na tume ya Mackay ya mwaka 1981, na nia yake ilikuwa kumpa kila mtoto ujuzi wa mikono. Sayansi kimu ikawa somo la wote katika shule za msingi, wavulana kwa wasichana, tena ikaingia katika mtihani mpya wa KCPE. Wazazi waliitwa kwenye harambee kujenga vyumba vya upishi na karakana. Vingine vilikamilika. Vingine vilifika kwenye lenta, fedha zikaisha, nyasi zikaota ndani. Mwalimu wetu, ambaye kwa miaka 13 alikuwa ameazimwa kona ya ratiba, ghafula akawa mtu wa maana. Mkuu wa shule alimwuliza maendeleo ya somo lake.

Jambo lililowashangaza wengi ni wavulana. Kwa desturi mwanamume aliyekwisha kutahiriwa hakukaa jikoni, na kijana wa darasa la nane aliyeshika mwiko mbele ya wenzake alijiona amevunjiwa heshima. Mwalimu alijua njia. Aliwaambia ya kuwa mpishi wa hoteli ya Kericho, ile kubwa inayotazama mashamba ya chai, ni mwanamume na analipwa mshahara. Kicheko kikapungua. Wapo leo wanaume wa umri wa miaka hamsini, madereva, askari na mahakimu, wanaojua kushona kifungo na kusonga ugali usio na madonge kwa sababu walizaliwa wakati unaofaa. Nikihesabu faida za 8-4-4, hii huiweka mbele, ingawa sijamsikia mtu akiitaja bungeni.

Lakini mtihani ulilileta somo nuru na ukaliletea kivuli. KCPE ilikuwa mtihani wa kuchagua jibu moja kati ya manne. Mtoto aliweza kupata alama zote za upishi bila kuwahi kuwasha moto, akiwa amekariri ya kuwa doa la damu huondolewa kwa maji baridi na kwamba mtoto huanza kupewa chakula kingine kwa umri fulani. Shule zilizokuwa na njaa ya alama zikanunua vitabu vya maswali, zikafunga vyumba vya upishi kwa kufuli. Ni katika sekondari tu, kwenye mtihani wa KCSE ulioanza mwaka 1989, ndipo mwanafunzi alipotakiwa kupika kweli kweli: hupewa swali, huandika mpango wa kazi na orodha ya vitu atakavyohitaji, kisha hupika na kuandaa kwa muda uliowekwa, mtahini akitazama. Mtihani wa namna hiyo una gharama. Shule nyingi za kutwa hazikuweza kuubeba, na somo likabaki katika shule chache, hasa za wasichana.

Walimu wenyewe walichoka pia. Watu walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi ya kuwa 8-4-4 imempakia mtoto mzigo mzito, na lalamiko hilo lilikuwa la haki. Mtihani uliokuwa na alama 700 ukapunguzwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukabaki na alama 500. Sayansi kimu haikuwamo katika zile zilizobaki. Vipande vyake, kama lishe na usafi, viliingizwa katika somo la sayansi. Sufuria, sindano na bajeti havikupata pa kukaa. Vyumba vile vya harambee vikageuzwa kuwa stoo za madawati na mahindi. Mwaka 2005 mwalimu wetu alitimiza miaka 55, ambao ndio uliokuwa umri wa kustaafu siku hizo kabla haujaongezwa kuwa 60 mwaka 2009. Aliagwa kwa hotuba na blanketi. Miaka yake mitatu ya mwisho alifundisha masomo mengine.

Wengi humaliza habari ya mwalimu hapo, penye blanketi. Mimi naona sehemu moja kubwa ya kazi yake ilikuwa bado. Mwalimu wa hesabu akistaafu, hesabu zake hubaki shuleni. Mwalimu wa sayansi kimu huondoka na chumba chake cha kazi, kwa sababu kila nyumba ni chumba hicho. Katika vikundi vya akina mama vya Bureti na Konoin, katika makanisa, katika mikutano ya kuchangishana fedha, utamkuta mwanamke mzee akieleza jinsi ya kutengeneza kapu la kupikia: kapu lililojazwa matambara na kufunikwa mto, ambamo maharagwe yaliyochemka kidogo huwekwa yakaiva yenyewe bila kuni zaidi. Kuni ni taabu katika nchi ambayo miti imeipisha chai. Utamkuta akionyesha jiko la udongo lililoboreshwa ambalo hupunguza moshi, kwa kuwa moshi wa mafiga matatu huingia katika vifua vya wale wale wakaao jikoni, mama na mtoto wake mgongoni.

Na utamsikia akisema neno moja juu ya kikombe cha chai ambalo nataka ulishike. Hospitali ya Tenwek, iliyoko karibu na mji wa Bomet, kwa miaka mingi imepokea wagonjwa wengi wa saratani ya umio, yaani ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni kwenda tumboni; wengine ni watu wa umri mdogo. Wataalamu wamekuja kutoka nchi mbalimbali kuitafuta sababu. Wametazama moshi, wametazama pombe na tumbaku, wametazama lishe, na mursik nao umechunguzwa. Hawajaafikiana juu ya chanzo kimoja. Lakini mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza ya kuwa vinywaji vya moto sana, unaopita nyuzi 65 za Selsiasi, yamkini husababisha saratani hiyo. Si chai yenyewe, bali moto wake. Sasa wewe uliyekulia Kericho wajua jinsi wazee wetu wanavyoipenda chai ing'oayo ngozi ya ulimi. Mgeni aliyeiacha ipoe huonekana hakuifurahia. Mwalimu aliyestaafu huimimina chai, akakiweka kikombe mezani, akaanza mazungumzo marefu ya kuulizana hali. Wageni hudhani ni adabu tu.

Mwaka 2019 mtaala mpya wa umilisi ulianza kuenea mashuleni, na sayansi kimu ikarudi katika darasa la nne hadi la sita. Walimu vijana waliopewa kulifundisha walikuwa wengi wao hawajawahi kufundishwa, maana wao wenyewe walisoma katika miaka lilipokuwa limefutwa. Baadhi walikwenda kuwaomba wazee vitabu vyao vya zamani vya miaka ya 1980, vyenye mba na madoa ya mafuta. Mtihani wa KCPE ukafanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Kisha, mwaka 2024, masomo yalipopunguzwa tena, sayansi kimu iliunganishwa na kilimo katika shule za msingi, na somo hilo jipya likaitwa kwa jina linalotaja kilimo na lishe pamoja.

Walimu wengine wamelihuzunikia jina lililopotea. Mwalimu wetu, ambaye sasa amepita miaka 75, halihuzunikii sana. Mjukuu wake alipokuja na kazi ya nyumbani ya kuotesha mboga katika gunia, alimchukua nyuma ya nyumba, mahali ambapo miaka michache iliyopita aliagiza mistari minne ya chai ing'olewe, watoto wake wakubwa wakinung'unika kwa ajili ya bonasi. Sasa pana mgagani, mnavu na wimbi kidogo. Mtoto aliuliza ni ipi kati ya hizo iliyomo katika kitabu chake. Bibi alikipokea kitabu, akavaa miwani, akaanza kuifungua kurasa moja moja.